Pawa stesheni yangu ilisema 78, ndafu ikaingia bila muziki

Napiga muziki wa sherehe hapa Moshi. Nina spika mbili, mikisa, maiki mbili zisizo na waya, na tangu mwaka juzi nina pawa stesheni ya wati-saa 1,024, yaani betri kubwa ya kubeba yenye inveta ndani ya kugeuza umeme wake uwe kama wa nyumbani. Niliinunua kwa sababu sherehe nyingi za huku juu, Kibosho, Machame, Old Moshi, zinafanyika uani, katikati ya migomba, na jenereta likinguruma nyuma ya turubai wazee hawasikii hotuba. Kwa hilo imenifaa sana. Haipigi kelele, haitoi moshi, na kwenye kioo kuna namba kubwa ya asilimia unayoisoma hata ukiwa mbali. Namba hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Kalenda yetu wenyeji wanaijua. Desemba watu wanarudi nyumbani, kila wikiendi kuna harusi, kipaimara au ubarikio. Januari ni ada za shule. Kisha inaingia Kwaresma, harusi zinasimama mpaka Pasaka ipite. Kwa hiyo tarehe 12 Januari 2025 niliizima, kioo kikiwa kinasoma 80, nikaifunika kanga na kuiweka juu ya kabati. Sikuigusa tena hadi Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Siku 104. Nilipoiwasha ilisoma 78, nikashukuru Mungu kwa kununua kitu cha maana. Vyombo vyangu vinakula kama wati 150, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta nilikuwa na saa nne na nusu mkononi. Sendofu yenyewe, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, ilikuwa ya muda wa saa tatu, Kibosho, nyumba ambayo nguzo ya umeme iko mbali na uwanja. Sikuichaji.

Saa moja na nusu hivi baadaye kioo kilisoma 51. MC akaita ndafu. Wapishi wakatokea jikoni wamembeba mbuzi, majani mdomoni, shangazi wa binti wanatangulia wakicheza, nami nikapandisha sauti. Nikatupa jicho kwenye kioo: 51. Nikatupa tena: 6. Kabla sijanyoosha mkono kupunguza sauti, kila kitu kikazima. Wale akina mama walicheza hatua mbili tatu bila muziki kisha wakasimama. Mama mzazi wa binti akanijia taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, tufanyeje sasa?" Sikuwa na jibu. Walimaliza kwa vigelegele na kupiga makofi, na hotuba ya baba yake, mzee mwenye kifua kibovu, waliokaa nyuma hawakuisikia. Nilirudisha nusu ya malipo. Mpaka leo nikipita njia ile roho inaniuma.

Jumatatu niliipeleka kwa fundi jirani na soko la Mbuyuni nikiamini betri imekufa. Aliichaji mpaka ikajaa, akaifungia taa mbili za wati 100 kila moja, tukakaa tunasubiri. Ilikwenda saa nne na robo, na asilimia zikashuka kwa mpangilio tangu mwanzo hadi mwisho. Betri nzima kabisa. Ndipo akaifungua, akachomoa waya mmoja na kuunganisha mita katikati, mashine ikiwa imezimwa. Mita ikasoma miliampia 8.

"Unaona, kaka? Umeizima, lakini ubongo wake haulali."

Ubongo ni ile saketi ya ndani inayoilinda betri na kuhesabu asilimia. Alinieleza kwa mfano wa mita ya maji. Bomba likifunguliwa mita inazunguka, inahesabu. Bomba likidondosha tone moja moja, mita haisogei, ila asubuhi ndoo imejaa. Kipimo cha asilimia kinahesabu umeme unaoingia na unaotoka, na mkondo mdogo kama ule wa 8 uko chini ya kile kinachoweza kuusikia. Tukapiga hesabu pale pale kwenye kipande cha boksi: miliampia 8 kwa saa 24 kwa siku 104 ni karibu saa-ampia 20. Betri yangu yote ni saa-ampia 40. Nusu nzima ilikuwa imeondoka juu ya kabati bila kuandikwa popote, na mimi Kibosho nilipanda na kama asilimia 30.

Nikamuuliza kwa nini simu hainifanyii hivyo. Akasema betri ya simu volti yake inashuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo simu ikitulia inaweza kujisahihisha kwa kuangalia volti. Hii yangu ni ya aina iliyoandikwa LiFePO4, yaani lithiamu yenye chuma na fosfeti, na volti yake inakaa palepale: kati ya asilimia 80 na 30, seli moja haitofautiani hata sehemu moja ya kumi ya volti. Mashine haina pa kushika, inaendelea kuamini daftari lake la zamani. Ikifika karibu na mwisho ndipo volti inaporomoka, nayo inashtuka na kurusha namba kutoka 51 hadi 6.

Aina hii ya betri ni imara na sijutii kuinunua. Ninachokilalamikia ni kitabu kilichokuja nayo. Kinasema uichaji kila baada ya miezi mitatu, basi. Hakuna mahali kinaposema kwamba namba utakayoikuta baada ya miezi hiyo si ya kuaminika mpaka uijaze hadi 100. Sentensi moja tu ingemfikishia yule mzee hotuba yake. Muuzaji naye nilipompigia alinijibu kwamba 78 ni 78.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Siku hizi naihifadhi ikiwa nusu au zaidi kidogo, naichungulia kila mwezi, na usiku wa kuamkia kazi naichaji mpaka 100 hata kama inasoma 95, kisha naiacha kwenye waya saa moja zaidi. Mwenzangu wa Himo anataka kununua kama hii kabla ya Desemba. Nimemwambia amuulize muuzaji kama ina swichi ya kutenganisha kabisa betri na ule ubongo wake. Yangu haina.