Salzburg au Firenze: kozi ya uchoraji majira ya joto

Viza ni ileile ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Tofauti inaanza asubuhi ya kwanza darasani.

Salzburg, Austria, unapanda kilima hadi ngome ya Hohensalzburg. Huko ndiko mchoraji wa Austria Oskar Kokoschka alikoanzisha, mwaka 1953, mafunzo ya majira ya joto aliyoyaita Shule ya Kuona. Aliwapa wanafunzi rangi za maji na modeli asiyetulia: aligeuka, aliinama, alitembea, nao walikuwa na dakika chache tu za kumnasa. Nafasi ya kufuta haikuwapo.

Firenze, Italia, studio za uchoraji wa jadi zinakwenda kinyume kabisa. Unasimamisha ubao kando ya sanamu ya plasta, mwanga wa dirisha la kaskazini ukiiangukia. Unarudi nyuma hatua kadhaa, unatazama, unashika akilini upana wa kivuli cha pua, unasogea, unaweka alama moja ya mkaa. Halafu unarudi nyuma tena. Sanamu moja inaweza kumaliza wiki nzima na rangi hujaigusa. Miguu inachoka, lakini jicho linanoleka. Jioni ukiingia Uffizi, jumba la sanaa la mji huo, michoro ya Botticelli, mchoraji wa kale wa Firenze, utaitazama kwa namna nyingine kabisa.

Anayechora vizuri lakini mkono wake umekuwa mzito, mimi ningemwambia aende Salzburg bila kusita. Ambaye vipimo vya uso vinampotea kila mara, aanzie Firenze, na asisahau chupa ya maji, maana joto la Julai huko ni kali.