Fleti ya zamani Osaka, Japani: ipi ya kuanza nayo, ipi ya kuipita

Dalali akikuonyesha fleti ya mwaka 1984 yenye jiko la kizamani, usikunje uso. Jiko, bafu na sakafu utavibomoa ukipenda. Paa, lifti, mabomba makuu na mfuko wa ukarabati wa jengo ni mali ya wote. Huko huna ubavu peke yako. Nimepanga madaraja haya kwa kigezo hicho.

Ya kwanza kwangu ni ya 1983 hadi 2000 hivi. Bei imeshashuka vya kutosha, na kanuni mpya ya kuhimili matetemeko ilianza tarehe 1 Juni 1981. Hapa kuna mtego: kinachohesabiwa ni tarehe ya kibali cha ujenzi. Jengo lililokamilika 1982 laweza kuwa lilipata kibali 1980, likabaki chini ya kanuni ya zamani. Itake tarehe hiyo kwa maandishi.

Ya pili ni ya 2000 na kuendelea. Nzuri, ila ghali.

Ya tatu ni ya kabla ya 1981 iliyoimarishwa, zile unazoona zimefungwa mihimili ya chuma kwa nje. Mara nyingi ziko karibu na stesheni. Benki huzikopeshea kwa kusitasita, kwa hiyo zinamfaa mwenye fedha taslimu.

Ya nne ni danchi, majengo ya ghorofa tano yasiyo na lifti. Bei ya ghorofa ya juu inavutia mpaka siku ya kupandisha friji.

Mwisho kabisa naweka fleti iliyo juu ya ardhi ya kukodi, pamoja na zile za mapumziko. Kule Yuzawa, mji wa theluji mkoani Niigata, zipo zinazotangazwa kwa yen 100,000. Unachonunua pale ni ada za kila mwezi.

Sasa turudi kwenye mfuko. Kila mwezi mwenye fleti hulipa ada ya uendeshaji na, kando yake, akiba ya ukarabati mkubwa, ambao hufanyika kila miaka 12 hadi 15 hivi. Mwongozo wa 2021 wa wizara ya ardhi na miundombinu unataja wastani wa yen 252 hadi 335 kwa mita ya mraba kwa mwezi, kwa majengo ya chini ya ghorofa 20. Fleti ya mita 60 basi ni yen 15,000 hadi 20,000. Ukiambiwa yen 5,000, usishangilie: deni limesogezwa mbele, na atakayelikuta ni wewe. Tena, malimbikizo ya mwenye fleti aliyetangulia hukufuata kisheria. Omba ripoti ya kampuni inayosimamia jengo: salio la mfuko, wanaodaiwa, mkopo kama upo.

Ukifika, pitia maegesho ya baiskeli kwanza. Baiskeli zenye kutu na masanduku ya barua yaliyofurika vipeperushi vinakuambia umoja wa wamiliki umelala. Ndani, uliza bomba la maji machafu linapita wapi. Katika majengo mengi ya zamani liko kwenye dari ya jirani wa chini, na kulitengeneza ni mpaka akufungulie mlango.

Mgeni anaruhusiwa kununua hata bila ukaazi wa kudumu, ingawa benki nyingi huudai kabla ya kukopesha. Kwa fleti ya yen milioni 15, tenga pia ada ya dalali: kiwango cha juu ni asilimia 3 na yen 60,000, pamoja na kodi, yaani yen 561,000.