Kipimo cha damu cha aleji Arusha: nimelipa mara mbili, cha pili ndicho kilichonifaa

Miaka mitatu naambiwa ni mafua ya baridi ya Arusha. Masika ikikatika tu, mimi naanza: chafya kumi mfululizo kabla sijanawa uso, macho yanawasha, pua imeziba usiku kucha. Tangawizi na limau nimekunywa hadi mama mkwe kachoka kuchemsha. Antibayotiki za duka la dawa nimemeza pia, ambazo kwa aleji hazifanyi kitu.

Maabara ya kwanza niliingia mwenyewe, bila daktari. Wakatoa damu, nikalipa, nikapewa karatasi yenye namba moja: IgE ya jumla (IgE ni kingamwili za damu zinazohusika na aleji), iko juu. "Una aleji." Ya nini? Kimya. Baadaye nikaja kujua kwamba namba hiyo hupandishwa hata na minyoo. Nawapa nyota moja, tena ni ya yule dada aliyepata mshipa kwa sindano ya kwanza.

Mara ya pili nilianzia kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kabla ya damu aliuliza maswali mengi: naishi wapi (Kisongo), inaanza miezi gani, nikisafiri inakuwaje. Nikamwambia nikienda Dar kwa shangazi, siku ya tatu napumua kama mtu. Akaandika kipimo cha IgE mahususi, yaani damu inapimwa dhidi ya kitu kimoja kimoja: vumbi la ndani, paka, nyasi, magugu. Raha yake ni kwamba huachi dawa. Kile cha kuchoma ngozi kinataka uache dawa za aleji siku kadhaa kwanza, na mimi bila setirizini siingii darasani kufundisha. Karaha yake ni bei, bima yangu iligoma, na damu ilisafirishwa nje ya mkoa. Majibu nimepata siku ya 12.

Kuanzia 0.35 wanahesabu chanya. Vumbi nilikuwa 0.6. Ambrosia, 18. Ambrosia ndiyo nini? Nikaambiwa ni gugu la Marekani, nikajua wamechanganya damu yangu na ya mtalii.

Dokta akacheka. "Mwalimu, kwako hakuna gugu karoti?"

Lipo hadi mlangoni! Kumbe nalo asili yake ni huko huko Amerika, ni ukoo mmoja na Ambrosia, na chavua zao zinafanana kiasi kwamba mwili unaweza kuzichanganya. Na anayeling'oa kila Jumamosi kwa mikono mitupu, likiwa limejaa maua meupe, ni mimi. Mikono ikiwasha nalaumu sabuni. Lile vumbi akaniambia niliache: karatasi kusema chanya wakati huumwi si ugonjwa. Kwa maelezo hayo tu, hela yangu ilirudi.

Dawa ya kupulizia puani, flutikasoni, nusura niitupe siku ya nne maana sikuona kitu. Ni ya kila siku, si ya siku ukizidiwa. Mimi nafuu niliiona wiki ya pili. Elekeza ncha upande wa sikio, sio kwenye ukuta wa katikati ya pua, utatoka damu. Piriton nimeacha, ilikuwa inanisinzisha mbele ya wanafunzi.

Gugu sasa linang'olewa kabla ya kutoa maua, na anayeng'oa ni shemeji, kwa glovu na shati la mikono mirefu. Masika iliyopita ilipokatika, chafya zilibaki za asubuhi tu, mbili tatu.

Tatizo ni kiwanja cha jirani, gugu karoti limenifika kifuani na upepo unavuma kuja kwangu. Mwenyewe yuko Dar. Nimempigia mara mbili, anasema atatuma kijana. Shuka bado naanika ndani.