Uzoefu wangu: kupima enamu za Rails kwa shoulda-matchers

Tunatengeneza mfumo wa wachuuzi wa sangara pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kila mzigo una hali yake: umepokelewa, umepimwa, umelipiwa, umesafirishwa. Kwenye modeli (sehemu ya programu inayowakilisha mzigo) tumeziandika kama enamu, yaani majina ambayo kila moja lina namba yake. Ni orodha tupu bila namba, hivyo Rails, mfumo wa Ruby tunaoutumia kuunda programu, inahesabu yenyewe kuanzia 0. Hifadhidata inatunza namba tu. Maneno inayajua modeli.

Sasa mteja anasema, "Wekeni na umegandishwa, ikae baada ya kupimwa." Kijana anaichomeka katikati ya orodha. Mizigo yote yenye 2, ambayo jana ilikuwa imelipiwa, leo inasomeka imegandishwa. Hakuna kosa linalojitokeza popote. Mnunuzi aliyekwisha kulipa anadaiwa upya, na nenda wewe ukamweleze mama wa Mwaloni kwamba ni mambo ya kompyuta.

Ndiyo maana naipenda define_enum_for ya shoulda-matchers, maktaba ya kurahisisha majaribio ya Rails. Kwenye RSpec, zana ya kuandikia majaribio ya programu, ni mstari mmoja:

it { should define_enum_for(:hali).with_values(umepokelewa: 0, umepimwa: 1, umelipiwa: 2, umesafirishwa: 3) }

Angalia hizo namba. with_values inakubali pia orodha tupu, na wengi huandika hivyo kwa sababu ni fupi. Mimi siitaki. Kijana atachomeka neno kwenye modeli, atalichomeka hivyohivyo kwenye jaribio, vyote vitapita, na data imeshaharibika. Namba zikiwa wazi, jaribio linafeli na ujumbe wake unaonyesha kilichotarajiwa na kilichopo. Hapo lazima umegandishwa ipewe 4, hata kama kwa mpangilio wa kazi inatangulia malipo.

Kama safu yako kwenye hifadhidata ni ya maandishi, ongeza backed_by_column_of_type(:string), la sivyo define_enum_for itakugomea, maana inatarajia namba.

Kasoro? Inapima tangazo la enamu, basi. Rails ikipewa hali isiyokuwepo hurusha kosa la ArgumentError palepale unapoiweka, kabla hata ya uhakiki, ingawa kuanzia toleo la 7.1 unaweza kuweka validate: true ikawa kosa la kawaida la fomu. Sisi tunapokea data kutoka simu za wapimaji, kwa hiyo jaribio la hilo tumeliandika kwa mkono. Na mtu akiingiza 9 moja kwa moja kwenye hifadhidata kwa lugha yake ya SQL, maktaba hii haina habari. Hiyo kazi tumeiachia CHECK, sharti ndani ya hifadhidata yetu ya PostgreSQL linalokataa thamani isiyoruhusiwa.

Naipa nyota nne.