Begi la kupandikizwa uloto: kipi kinunuliwe Mwanza, kipi kiachwe dukani

Familia inayopanda basi Nyegezi kwenda Dodoma kumpandikiza mtoto uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, hubeba begi ambalo itaishi nalo kwa miezi. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita wodini, kisha kukaa karibu na hospitali mpaka siku ya 100 tangu kupokea uloto itimie. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ianze mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa uloto wa ndugu zao, suala la begi hili linatuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa, kwa maana selimundu imejaa kwenye nyumba zetu. Hapa tunavipima vitu vinavyouzwa mjini kwa kipimo kimoja: homa ikipanda saa 8 usiku, kitu hiki kitakusaidia kuamua nini? Kisichosaidia usiku huo, na kisichomtuliza mtoto mchana wake, kisichukue nafasi.

Anza na kipimajoto. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua hicho. Dawa kali zinazotolewa kuondoa uloto wa zamani hushusha chembe nyeupe za damu hadi karibu na sifuri, na hubaki huko wiki mbili hadi nne kabla uloto mpya haujashika. Hata mtoto akisharuhusiwa kutoka wodini, kinga yake bado ni changa. Kidonda kinaweza kuingiwa na bakteria kisitoe usaha, kwa sababu usaha hutokana na chembe zile zile ambazo hazipo. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee, na maambukizi hayo yanaweza kuua ndani ya saa chache. Kwa hiyo nambari moja ndiyo inayoamua kama mnalala au mnakwenda hospitali sasa hivi. Wodi nyingi hutumia nyuzi 38.0 zikidumu saa nzima, au 38.3 hata mara moja. Ulizeni ya wodi yenu, muiandike kwa kalamu nene juu ya kasha la kipimajoto.

Katika maduka ya dawa ya mjini utaonyeshwa aina tatu. Cha kioo chenye zebaki kiache: kinavunjika, zebaki ni sumu, na kukisoma kwa mwanga wa simu usiku ni kazi. Cha bunduki, kinachoelekezwa kwenye paji la uso, ndicho wauzaji hukisifia zaidi kwa kuwa hakimgusi mtoto. Kwenye geti la shule kinafaa. Kwa mtoto aliyepandikizwa hakifai, kwani kinasoma ngozi tu, na ngozi ina mambo yake: jasho linalokauka huishusha nambari, feni huishusha, jua la mchana huipandisha. Kosa la kushusha ndilo la hatari, maana linakuambia lala wakati ulipaswa kukimbia.

Kinachobaki ni cha kidijitali cha kwapani, kile kijiti chenye kioo kidogo. Mwombe muuzaji akifungue mbele yako. Hakikisha kinasoma nyuzi za Selsiasi. Kausha kwapa lako, bana mkono, subiri kilie, andika nambari; rudia mara tatu kwa kupumzika dakika chache. Zikipishana kwa zaidi ya 0.2, omba kingine. Nunua viwili vya aina moja pamoja na betri za akiba, zile ndogo kama kifungo cha shati. Nambari zikianza kufifia kwenye kioo, badilisha siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwapani huwa chini kidogo ya joto halisi la ndani ya mwili. Usijiongezee nusu nyuzi kichwani: mtajie nesi nambari uliyoiona na mahali ulipopima, hesabu atafanya yeye. Mdomoni usipime kama kuna vidonda, na njia ya haja kubwa usipime kamwe, kwa kuwa mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria. Usimpe Panadol kabla ya kupima na kupiga simu. Itaifunika homa, na maambukizi yataendelea chini yake.

Cha pili ni daftari la kawaida la shule na saa ya mkononi yenye kengele. Vinaonekana vidogo, lakini hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Saiklosporini, dawa inayozuia uloto mpya usiushambulie mwili wa mgonjwa, humezwa mara mbili kwa siku kwa kupishana saa 12. Kadi ikiandikwa 7:00, bibi aliyebaki na mtoto anaweza kusoma saa saba, akampa dawa mchana. Andika daftarini hivi: saa 1 asubuhi, simu inaonyesha 7:00, saa 1 usiku, simu inaonyesha 19:00. Siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu, dozi ya asubuhi husubiri mpaka damu itolewe. Ikimezwa kabla, kipimo kitadanganya na daktari anaweza kupunguza dawa isiyostahili kupunguzwa. Kama mmepewa ya maji, nunua glasi ndogo ya kioo. Dawa hii hunata kwenye plastiki, hivyo ikichanganywa kwenye kikombe cha plastiki sehemu ya dozi hubaki pale. Wala haiwekwi kwenye friji.

Maji. Utauziwa machujio ya kila namna. Tunapendelea sufuria yenye mfuniko na chupa ya chai. Maji yakitokota sawasawa kwa dakika moja, bakteria, virusi na vimelea vya kuhara vimekwisha. Vidonge vya klorini ni vizuri kwa nyumba yenye watu wazima wenye afya, ila kuna kimelea kiitwacho kriptosporidia kinachovistahimili, nacho humharisha vibaya asiye na kinga. Chujio la udongo lisiposuguliwa kila wiki huwa lenyewe ndilo kiota cha bakteria. Chemsha, funika, tumia ndani ya siku moja.

Mambo mengine tuyapitie upesi. Mashati yenye vifungo mbele ni bora kuliko fulana, kwa sababu mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa hutokea kifuani na fulana huuvuta. Mswaki uwe laini kabisa. Mswaki wa mti ubaki nyumbani. Chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kusukutua mara nne kwa siku kinywa kinapochubuka, na kutema. Chandarua kiwe kipya, chenye dawa. Mikeka ya zamani na mito ya sufi isibebwe, maana vumbi lake hubeba ukungu unaoota kwenye mapafu. Nywele zitaanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dawa kali. Ni afadhali zinyolewe mapema kwa mashine safi ya nyumbani kuliko kwa wembe, kwani chembe za kugandisha damu zikishuka hata mkato mdogo hauachi kuvuja.

Kuna upande wa begi usiojazwa dukani. Kwa mtu wa ziwani upande huo huanza na kichocho. Mtoto aliyekulia Ilemela, Ukerewe au Sengerema akiogelea apimwe choo na mkojo kabla ya safari, na mchangiaji, yaani ndugu anayetoa uloto, pia, kwa kuwa kichocho cha huku huumiza ini, na ini ndilo linalobeba mzigo wa zile dawa kali za kuondoa uloto wa zamani. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo. Mkumbusheni daktari pia kuhusu minyoo ya strongiloidi, inayokaa kimya miaka mingi kisha kutapakaa mwili mzima mgonjwa akipewa steroidi, dawa zinazoshusha kinga. Meno yaliyooza yazibwe au yang'olewe mapema ili fizi zipone. Na hili la damu wengi hulikosea kwa upendo: mgonjwa akihitaji damu kabla ya kupandikizwa, isitolewe na baba, mama wala ndugu zake. Mwili ukishazoea kuipinga damu ya familia, unaweza kuukataa uloto wa familia hiyo hiyo. Ndugu waje kuchangia benki ya damu, sawa kabisa, ila chupa ya mgonjwa itoke kwa mtu mwingine.

Visivyostahili hata shilingi ni chupa za kuongeza kinga. Zinauzwa kila kona, nyingine kwa bei ya kutisha. Baada ya kupandikizwa, daktari anaishusha kinga kwa makusudi, kwa sababu kinga ya mchangiaji inaweza kushambulia ngozi, utumbo na ini la mgonjwa: vipele, kuhara, macho ya njano. Mitishamba inaweza kuongeza au kupunguza saiklosporini kwenye damu bila mtu kujua, na balungi huipandisha hadi kuumiza figo. Anayempenda mtoto amletee sato aliyeiva mpaka kwenye mfupa, akiwa wa moto, bila kachumbari.

Sasa kitu tunachokipa alama sawa na kipimajoto, ingawa hakuna duka la dawa linalokiuza: mwanasesere wa kitambaa, wa aina inayopatikana Makoroboi, hapa Mwanza mjini. Mshonee mrija mwembamba kifuani na kofia ya kichwa kisicho na nywele. Mwache mtoto amfunge bandeji, ampe dawa, amuulize kama inauma. Mtoto aliyeyashika mambo haya kwa mikono yake hupungukiwa na hofu anapoyaona kwenye mwili wake. Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi: utalala chumba cha peke yako, watu watavaa barakoa, mdomo utauma, nywele zitatoka na zitarudi. Msimwambie haitauma. Akishagundua mara moja kwamba mlimficha, hatawaamini tena siku mtakayomwambia kweli kwamba hatari imepita. Siku yenyewe ya kupokea uloto, ile madaktari waiitayo siku sifuri, huonekana kama kuongezewa damu tu, na wazazi waliotarajia operesheni kubwa huduwaa. Waambiwe mapema. Na kwa mgonjwa anayekaribia kubalehe, ulizeni kuhusu uzazi kabla dawa ya kwanza haijaingia, maana baadhi ya dawa hizo zinaweza kuufunga na baada ya hapo nafasi ya kuhifadhi mbegu au mayai ya uzazi imepita.

Begi la mwisho ni la mchangiaji, na ndilo husahaulika. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kikamilifu na mgonjwa kwa vinasaba vya kinga. Anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua bado anaweza kuchangia. Uloto huvutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Hakuna mfupa unaokatwa. Kiasi kisichozidi mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake ndicho huchukuliwa, na mwili hukirudisha ndani ya wiki chache. Kiuno kitauma siku kadhaa, hivyo mnunulieni suruali laini isiyobana nyonga, na mto wa kukalia kwenye basi la kurudi. Kabla hajaingia chumba cha operesheni, mzazi amwambie wazi kwamba uloto ukikataa kushika, kosa si lake. Ndugu waliopimwa wakakosa kufanana nao waambiwe hivyo hivyo, wakiwa wamekaa pamoja. Kisha hakikisheni simu yake ina salio, ili akitangulia kurudi Mwanza awe anamuona mwenzake kila jioni.