Maongezi Wamekata, Ngumi Zenyewe Hazipo

Nina hasira tangu zile siku za mvua, na nimeona nisipoiandika nitakuja kuimalizia kwa mtu asiyehusika. Ni kuhusu banda moja la kuingiza muvi kwenye flashi pale Tandika. Jina silitaji, maana mwenye banda simjui, na yule kijana wake anaweza akawa mtoto wa mtu tunayesalimiana naye. Temeke ni ndogo. Ila ukipita mahali spika imetazama barabarani na kuna karatasi imeandikwa kwa maka peni MADADA WA NGUMI, shika hela yako vizuri.

Nilitaka picha moja tu, My Name Is Modesty. Kwa msiomjua, Modesty Blaise ni steringi wa kike wa katuni za gazeti, zile za kila siku. Alianza kutoka kwenye Evening Standard la London mwaka 1963 na akaendelea mpaka 2001, wachoraji wakibadilika lakini mwandishi yule yule, Peter O'Donnell. Mimi nilikutana naye kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini kule Posta, mkusanyiko wa katuni wenye jalada limeliwa na panya, na tangu hapo nikampenda. Dada anapanga mambo, anapigana, anamiliki fedha zake, ana rafiki wa kiume, Willie Garvin, anayemfia lakini si mpenzi wake, na hakuna anayemwuliza ataolewa lini. Hebu nitafutieni huyo kwenye magazeti yetu. Nimekua na Sani, namheshimu Ndumilakuwili na Madenge ananichekesha mpaka leo, ila wanawake wa mle wengi kazi yao ilikuwa kupita barabarani wanaume wageuze shingo.

Basi nikaambiwa picha ipo, original ipo na iliyotafsiriwa ipo. Nikasema nipe iliyotafsiriwa. Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua utamu wake. Mtu kama Lufufu alikuwa hakutafsirii tu, alikuwa anakusimulia picha lote, anakuonya adui anapojificha, na ya kwake anaongezea. Nikatoa buku, nikaingiziwa, nikaondoka na furaha zangu.

Nyumbani nikapika mapema, watoto nikawapeleka kulala, nikachomeka flashi kwenye TV. Picha likaanza vizuri. Kasino ya Tangier, usiku, jambazi anaingia na watu wake wenye bunduki, wafanyakazi wote wanashikwa mateka. Modesty, bado binti mdogo mdogo, anakaa mezani uso kwa uso na jambazi. Anafungua mdomo. Pap! Tumeruka. Mateka waliokuwa wamejaa ukumbini wamepungua, hujui wamekwenda wapi, labda wamepanda daladala. Modesty anafungua mdomo tena. Pap! Wamepungua wengine. Mara ngumi, mara imeisha, maandishi yanapanda. Foleni ya Mbagala ningekaa muda mrefu kuliko lile picha.

Kesho yake nikarudi. Nataka mliosoma mpaka hapa mnisaidie kuhukumu.

"Mdogo wangu, hii picha imekatwa."

Hakuninyanyulia hata jicho, alikuwa anamwekea mtu singeli kwenye memori kadi. "Haijakatwa, anti. Tumepunguza maongezi."

"Nani kawatuma mpunguze?"

"Wateja. Muvi lile wanaongea tu mwanzo mwisho, wamekaa mezani. Sisi tumekuachia ngumi."

"Ngumi zenyewe ziko wapi?"

Hapo ndipo akanitazama, akamtazama na mwenzake, wakacheka. "Sasa anti, wewe unataka muvi au unataka hotuba? Hotuba si zipo redioni?"

Na watu waliokuwa wamesimama pale wakacheka. Mtu mzima mimi! Nikadai buku yangu. Akasema hela ikishaingia haitoki, halafu flashi yangu ndiyo yenye virusi, imemletea shida kwenye mashine, kama kulipana basi mimi ndiye nimlipe yeye. Wallahi nilitetemeka. Sikutukana, nashukuru sikutukana, ila maneno yote mazuri ya kumjibu yalinijia nikiwa nimeshafika Mtoni kwa Azizi Ali.

Kilichoniuma zaidi ya ile buku ni kwamba kijana huyu ameitupa nyama akaniuzia mfupa bila kujua. Lile picha ni maongezi! Halina kitu kingine. Lilitengenezwa kwa kuungaunga. Kampuni ya Miramax ilikuwa na haki ya kumtengenezea Modesty filamu, haki ile ikawa inaelekea kuwaponyoka, ikabidi watoe kitu cha haraka ili waendelee kuishikilia. Wakaenda Bucharest, Romania, wakapiga picha zote kwa siku 18, mkurugenzi Scott Spiegel, na jina la Quentin Tarantino likabandikwa juu ili watu wavutike. (Tarantino kweli anampenda huyu dada. Kuna picha lake la 1994 John Travolta anaonekana yuko chooni na riwaya ya Modesty mkononi.) Siku 18 huwezi kulipua magari. Huwezi kurusha helikopta. Unaweza kufunga watu kwenye chumba kimoja usiku kucha, ukamwambia mmoja azungumze vizuri.

Na ndicho walichofanya. Jambazi anataka sefu ifunguliwe. Modesty anataka muda. Wanacheza ile michezo ya kasino, gurudumu na kijipira: Modesty akishinda, mateka wanaachiwa, jambazi akishinda, Modesty anamsimulia kipande cha maisha yake. Mmeona mateka walikokuwa wanakwenda? Kila pap! ya yule kijana ilikuwa inameza mchezo mmoja na kipande kimoja cha maisha ya mtoto asiye na wazazi wala jina, aliyetoka kambi ya wakimbizi akatembea nchi na nchi, akakutana na mzee msomi, Lob, mkimbizi mwenzake. Mtoto akamlinda mzee, mzee akamsomesha mtoto. Jina la Modesty alipewa na huyo mzee. Sisi ambao Kigoma yetu imejaa kambi tangu tuna akili, tunaambiwa hayo ni maongezi, yapunguzwe!

Tena si habari ya kubuni tupu. O'Donnell alikuwa askari huko Iran mwaka 1942, akamwona mtoto wa kike mkimbizi, yuko peke yake kabisa. Wakampa chakula, akala, akawaachia tabasamu, akashika njia yake. Miaka ishirini baadaye alipotafuta mwanamke anayeweza kufanya yote yale bila msomaji kuuliza "amejifunzia wapi?", akamkumbuka yule mtoto. Ukikata utoto wa Modesty umekata sababu ya zile ngumi.

Halafu jamani, katuni ya gazeti ni vyumba vitatu tu vya michoro kwa siku. Vitatu! Fungua kitabu chochote cha Modesty uone: watu wamekaa, wanapanga, wanasubiri, wanatishana kwa adabu, siku nyingi zinapita hivyo. Ugomvi ukija unaisha kwenye vyumba viwili, mtu amelala chini. Kwa hiyo hili picha la kuungaunga, la kukaa mezani, liko karibu zaidi na katuni yenyewe kuliko lile la 1966 lililotengenezwa na watu wenye hela. Lile la 1966 nililiona. Monica Vitti, Modesty wa mle, ni mrembo hasa, mkurugenzi ni Joseph Losey, mtu mwenye jina lake. Nywele zinabadilika rangi kila dakika, nguo nazo, halafu wakamwimbisha na Willie Garvin nyimbo za mapenzi, wakati uzuri wote wa wale wawili ni kwamba hawagusani! O'Donnell aliwaandikia script, wakaibadilisha mpaka ikabaki sentensi yake moja. Bajeti ipo, Modesty hayupo.

Ndiyo maana nasema watu wetu wa Bongo Movie wangelitazama hili la bei rahisi (lote, si la Tandika). Tunachekwa kila siku kwamba picha zetu zinaishia sebuleni, makochi yale yale, pazia lile lile. Sebule si kosa. Kosa ni watu kukaa kwenye kochi hawana la kusema, wanaangaliana, muziki unalia. Nipeni binti mmoja wa Kitanzania aliyechorwa vizuri, mfungieni sebule moja ya Sinza na adui mmoja mwenye akili, muda wa usiku mmoja, na mwandishi aliyelipwa. Mwandishi aliyelipwa, narudia.

Sasa nisionekane nalisifia kupita kiasi. Mpwa wangu alinitafutia original, nikaliangalia lote, na nina manung'uniko. Ile Tangier haimdanganyi mtu, ni Ulaya mashariki imewekewa taa za njano. Willie Garvin hayumo kabisa, kwa sababu kisa ni cha kabla hawajakutana, na Modesty bila Willie mimi naona pengo. Ngumi za mwisho ni kweli chache na si kali, hapo kijana nampa haki yake. Alexandra Staden, Modesty wa humu, ni mwembamba, ukimwona unajiuliza atampiga nani. Lakini akianza kuongea ametulia, macho hayapepesi, na jambazi wetu Nikolaj Coster-Waldau, huyu huyu aliyekuja kuvuma na Game of Thrones, anamsikiliza vizuri, na kuna wakati unaona jambazi amesahau sefu. Mimi mwenyewe nilisahau chai ikapoa. Nilikuwa nimepanga kulipatia picha nyota mbili. Basi tatu. Ukinishika siku nzuri, nne.

Banda nilikuwa nimepanga kulipatia sifuri na kuwaambia wote msikanyage pale, na mpaka juzi msimamo wangu ulikuwa huo. Juzi nikawa nafuta vitu kwenye flashi, nikakuta lile picha lao lililokatwa, nikasema ngoja nilione mara ya mwisho nicheke. Kuna kipande kimoja cha mzee Lob kiliponea chupuchupu, sijui aliyekuwa anakata alikwenda kujisaidia. Mtafsiri anabadilisha sauti, anakuwa babu wa kabisa kabisa, pumzi za kizee, kikohozi, na anamwambia yule mtoto: "Mjukuu wangu, huna jina? Kaa hapa basi, babu akutafutie. Njaa tumeshalala nayo, na jina tukose?"

Nimekwenda kwenye original. Hakuna maneno hayo. Hakuna hata yanayofanana nayo. Katoa kichwani mwake, na nimelia, nasema kweli, kwenye original sikulia.

Halafu, pap! wamekata.

Kwa hiyo sielewi niandike nini kwenye nyota. Kijana ni sifuri, hilo halibadiliki, adabu hana. Mwenye banda, kama unapata habari hizi, mtafsiri wako ni mtu mkubwa na wewe unamkatakata. Hivyo vipande mlivyotoa kama bado vipo kwenye hiyo mashine mnayosema nimeiambukiza virusi, msivifute. Nitakuja na flashi mpya na buku nyingine. Nataka kumsikia babu mpaka mwisho, na yule mdogo wangu asiwepo zamu siku hiyo.