Uzoefu wangu na seti ya kupima vyakula na vimeng'enya: vitendanishi ni vizuri, amilesi ichunguzwe kwanza

Seti hii inauzwa kwa maabara za shule za sekondari, na huja kwenye boksi moja lenye chupa tisa: Benedict (ya kupima sukari) mililita 250, iodini mililita 100, sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mililita 250, kopa salfeti ya asilimia 1 mililita 100, asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa mililita 100, sodiamu bikaboneti gramu 50, Sudan III (rangi ya kupima mafuta) mililita 50, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 mililita 500, na unga wa amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari) gramu 25. Testitubu, dropa na kipimajoto unajitafutia mwenyewe. Ukitumia mililita 2 za Benedict kwa kila kipimo unapata vipimo 125, na hicho ni kiasi cha kutosha darasa kubwa linalofanya kazi kwa makundi.

Kama unataka vitendanishi vya kupima wanga, sukari, protini na mafuta, nunua bila wasiwasi. Kama unainunua hasa kwa ajili ya somo la vimeng'enya, soma kwanza nilichoandika kuhusu amilesi, kwa sababu chupa hiyo ndiyo inayoamua kama wanafunzi wataelewa au watatoka wamechanganyikiwa.

Benedict yao ni safi: buluu angavu, haina mashapo chini. Njia ya kuihakiki ni kuchemsha mililita 2 pamoja na mililita 2 za maji yaliyotoneshwa kwa dakika 5. Ikibaki buluu, ni nzima. Kisha rudia kwa myeyusho wa glukosi wa asilimia 1. Rangi inapaswa kupita kijani na njano hadi kufikia wekundu wa tofali. Wekundu huo ni oksaidi ya shaba: glukosi inazipa elektroni ioni za shaba, na shaba inashuka kama mashapo. Chemsha kwenye bika la maji yanayotokota, usiweke testitubu moja kwa moja juu ya moto, kwani mchanganyiko huruka ghafla na kumwagikia mtu.

Sukari ya mezani ndiyo inayowasumbua wengi. Haiitikii Benedict, kwa sababu glukosi na fruktosi ndani yake zimeshikana kwa zile ncha zenyewe ambazo zingeipa shaba elektroni. Inabidi uivunje kwanza: mililita 2 za myeyusho wa sukari, mililita 1 ya asidi, chemsha dakika 2 hadi 3, poza, kisha ongeza bikaboneti kidogo kidogo hadi povu likome. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi. Benedict hufanya kazi kwenye alkali. Ukiimimina kwenye asidi, sodiamu kaboneti iliyomo inaliwa yote, testitubu inafoka povu, na rangi inabaki buluu hata kama glukosi imejaa humo. Mwanafunzi anaandika "hakuna sukari" na kipimo kizima kimeharibika. Gramu 50 za bikaboneti zinatosha, ila usizimwage zote kwa mara moja kwenye testitubu ya moto.

Kwenye protini kuna kosa kubwa katika kijitabu cha maelekezo kinachokuja na boksi: kinasema upashe moto. Futa mstari huo kwa kalamu kabla hujawapa wanafunzi. Kipimo cha biureti hakihitaji moto. Chukua mililita 2 za sampuli, ongeza mililita 2 za sodiamu haidroksaidi, tikisa, kisha dondosha kopa salfeti tone moja moja huku ukitikisa, matone matatu au manne tu. Zambarau inatokea kwa sababu ioni za shaba hujishikiza kwenye naitrojeni za viungo vya peptaidi, vile vinavyounganisha amino asidi moja na nyingine. Ukizidisha kopa salfeti, buluu yake inaifunika zambarau yote. Na kwa kuwa kinachopimwa ni viungo, amino asidi zikiwa moja moja hazitoi zambarau; lazima kuwe na mnyororo. Ute wa yai uliochanganywa na maji mara tisa ya ujazo wake, pamoja na chumvi kidogo, hutoa rangi nzuri. Maziwa pia yanafaa, na yana faida ya kuitikia Benedict vilevile kwa sababu ya laktosi.

Sudan III iko sawa. Matone matatu kwenye mchanganyiko wa mafuta na maji, tikisa, acha itulie, tabaka jekundu linapanda juu. Imeyeyushwa kwenye spiriti, kwa hiyo iwe mbali na taa inayowaka.

Iodini yenyewe ni nzuri lakini chupa waliyoiweka haifai. Wameitia kwenye plastiki nyeupe laini, na iodini hupenya plastiki ya namna hiyo polepole. Utaona chupa inageuka kahawia kwa nje huku myeyusho ukipauka ndani. Siku ya kwanza kabisa ihamishie kwenye chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, hata ile ya dawa ya kikohozi iliyooshwa vizuri na kubandikwa lebo mpya, kisha iweke kabatini. Jambo jingine: pima wanga sampuli ikiwa imepoa. Rangi ya buluu-nyeusi hutokea pale iodini inapoingia ndani ya mzunguko wa mnyororo wa wanga, na joto hulegeza mzunguko huo. Uji wa moto unaweza usionyeshe rangi kabisa, kisha rangi ikajitokeza unapopoa.

Sasa amilesi. Lebo inasema "amilesi" basi. Haisemi imetoka wapi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Amilesi ya mate ya binadamu hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi joto 37 na pH ya karibu 7, na ukiichemsha inaharibika umbo: mnyororo wa protini unakunjuka, sehemu inayoushika wanga inapotea, na kuipoza hakuirudishi. Lakini amilesi nyingi za viwandani hutoka kwa bakteria, na ile ya Bacillus licheniformis hutumika viwandani kulainisha wanga kwenye joto linalopita nyuzi 90. Ukiwapa wanafunzi unga wa aina hiyo na kuwaambia "chemsha, kimeng'enya kitakufa", wataona wanga unaendelea kutoweka.

Unga wa seti hii una tabia hiyo. Ukichemshwa dakika 10, ukapozwa, ukachanganywa na wanga, bado iodini inaacha kugeuka nyeusi baada ya muda. Uhakiki kabla ya kuingia darasani. Ukikuta kwako ni hivyohivyo, tia asidi kwenye myeyusho wa kimeng'enya peke yake hadi pH ishuke chini ya 3, uchemshe, upoze, kisha urudishe pH kwenye 7 kwa bikaboneti. Asidi na joto kwa pamoja vinaumaliza.

Kuna kasoro ya pili. Unga wa amilesi huchanganywa na vijazio kama laktosi au wanga ili ujazo uongezeke. Laktosi inaitikia Benedict, wanga unaitikia iodini. Kwa hiyo kabla ya yote, chukua myeyusho wa amilesi peke yake, bila wanga wowote, uupime kwa Benedict na kwa iodini. Wa seti hii unatoa kijani kibichi kwa Benedict. Maana yake huwezi kuthibitisha kwa Benedict kwamba wanga umegeuka sukari bila kuweka testitubu ya kulinganishia pembeni. Kijitabu hakitaji testitubu hiyo hata kidogo, na kwangu huo ni upungufu mkubwa kuliko ule wa chupa ya plastiki.

Zoezi lenyewe linakwenda vizuri kwa vipimo hivi. Koroga gramu 1 ya wanga kwenye maji baridi kidogo hadi uwe uji mzito, mimina kwenye mililita 90 za maji yanayochemka huku ukikoroga, poza, jaza hadi 100. Wanga wa muhogo unafaa kabisa. Yeyusha gramu 1 ya amilesi kwenye mililita 100 za maji siku hiyohiyo; wa jana usiutegemee. Panga matone ya iodini kwenye kigae cheupe chenye vishimo. Weka mililita 5 za wanga na mililita 1 ya amilesi katika testitubu mbili tofauti kwenye maji ya joto unalotaka, subiri dakika 5 zote zifikie joto hilo, ndipo uchanganye. Ukichanganya kwanza halafu ndiyo upashe moto, nusu ya kazi inafanyika kwenye joto la chumba na matokeo ya nyuzi 20 na nyuzi 37 yanakaribiana mno. Kila sekunde 30 chukua tone moja upeleke kwenye kishimo kipya, hadi iodini ibaki na rangi yake ya kahawia. Wanga ukiisha ndani ya sekunde 30 za kwanza, zimua amilesi mara tano au kumi; usiongeze wanga.

Mbadala ninaoupenda kuliko unga huo ni kimea cha ulezi au mtama, kilekile cha togwa. Saga gramu 10, loweka kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, chuja kwa kitambaa. Kina amilesi ya kweli ya nafaka, na ukikichemsha kinakufa kabisa. Anayepika togwa anajua uji lazima upoe hadi uvuguvugu kabla ya kutia kimea, la sivyo haulainiki. Ni amilesi ya nafaka kama hii ambayo Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz waliitenga mwaka 1833 kutoka kwenye kimea cha shayiri. Kina sukari yake, kwa hiyo testitubu ya kulinganishia ni lazima hapa pia.

Ukibakiwa na muda, pima amilesi yenyewe kwa biureti, ukitumia myeyusho mzito wa asilimia 5. Inatoa zambarau hafifu. Wanafunzi wanaona kwa macho kwamba kimeng'enya ni protini, jambo ambalo wanasayansi waliendelea kubishania hata baada ya James Sumner, Mmarekani, kupata fuwele za yureesi, kimeng'enya kinachovunja urea, mwaka 1926.

Peroksaidi ni kali ya kutosha. Mililita 5 na kipande cha kiazi cha sentimita 1 kila upande hutoa povu la wazi. Ini mbichi lililopondwa hupandisha povu hadi kumwagika, kwa hiyo tumia kipande kidogo mno na testitubu ndefu. Katalesi iliyomo inavunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Linganisha kiazi kizima na kilichopondwa, kibichi na kilichochemshwa, na hapa kilichochemshwa kinakaa kimya kama inavyotakiwa. Kwa somo la joto kuharibu kimeng'enya, zoezi hili ni salama kuliko la amilesi ya boksi.

Maji ya kisima yenye chumvi yanaharibu vipimo kadhaa, hasa vya pH. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, mradi usome lebo, maana asidi ya betri huuzwa pembeni yake. Chupa ya peroksaidi ikae gizani na penye ubaridi, kifuniko kisikazwe sana kwa kuwa inatoa oksijeni taratibu. Sodiamu haidroksaidi usiihamishie kwenye chupa yenye kizibo cha kioo; itaganda na hutaifungua tena. Ukiagiza upya, mwulize muuzaji kwa maandishi amilesi imetoka kwa bakteria, ukungu au nafaka, na akishindwa kujibu, omba vitendanishi bila chupa hiyo.